Kosa Linalohama

Kwetu kila kinachoharibika huharibiwa na umeme. Friji ikinguruma, ni umeme. Maziwa yakichacha, ni umeme. Binti wa jirani alipofeli mtihani wa darasa la sita, mama yake alisema ni umeme, na hakuna aliyecheka, maana binti alikuwa amesoma mwezi mzima kwa mwanga wa simu. Umeme wa serikali huja ukitaka na huondoka ukitaka. Ukiondoka tunahamia kwenye jenereta ya mtaa, na katika kule kuhama taa hufumba na kufumbua, na kila chenye waya hufa kidogo kisha hufufuka.

Kwa hiyo kompyuta ya ofisi yetu ilipoanza kuamka na kioo cheusi chenye maandishi meupe, kaka yangu Sattar hakuvuta hata kiti.

"Umeme," alisema, akabonyeza kitufe cha kukubali.

Sisi ni wazikaji wa Najaf. Baba yangu, Haji Dakhil, alipokea kazi kwa baba yake, na yule kwa baba yake. Watu huleta maiti wao kutoka Basra, Amara na Baghdad. Sisi huchimba, huzika, kisha hukumbuka. Kukumbuka ndiyo kazi yenyewe. Makaburi ya hapa hayana mwisho ukiyatazama, na mtu aliyemzika mama yake mwaka jana, akirudi bila mzikaji wake, hampati. Wafu wa zamani baba anawajua kwa miguu. Lakini wale wa miaka ya vita walikuja kumi kumi, wakati mwingine usiku na mchana, na hao hakuna kichwa kilichoweza kuwabeba. Waliandikwa kwenye madaftari. Madaftari yakaingiwa na mchwa. Kabla hayajaisha kuliwa, mimi niliyaingiza kwenye kompyuta.

Shule niliacha darasa la nne, mama alipougua. Nasoma polepole, lakini nasoma, na namba sikosei. Nilikaa miaka mitatu nyuma ya pazia la ofisi, nikiandika kwa vidole viwili: mstari mmoja wa makaburi, faili moja, kila kaburi na namba yake, jina la marehemu, jina la baba yake, alikotoka, siku aliyozikwa. Makaburi elfu kumi na moja na ushee. Mgeni akija, huongea na Sattar mbele. Sattar hunitajia jina. Mimi humpa mstari na namba kutoka nyuma ya pazia. Mpango huo ulinifaa. Kuongea na watu nisiowajua naona haya.

Sasa kompyuta ikizimika ghafla, ikiamka hujikagua. Hupita faili moja moja ione kama kila moja liko mahali pake, na ikikuta kosa huuliza: nirekebishe? Sattar alikuwa anajibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi. Mwisho kioo huandika kwamba imerekebishwa, naye huenda zake.

Lakini kila baada ya "imerekebishwa" nilikuwa nakosa watu. Mara mstari wa themanini na nane haupo. Mara faili linafunguka nusu. Nikakuta folda mpya ambayo sikuitengeneza, imejaa mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Mistari yangu ilikuwa imeokotwa na kutupwa mle kama mizigo isiyo na mwenyewe. Sisi kwetu kumwacha mtu na namba bila jina ni aibu. Sikulala vizuri.

Sattar akagombana na mwenye jenereta. Akagombana naye hadharani, mbele ya duka la mkate.

"Jenereta yako inaniulia kompyuta!"

"Ndugu yangu, jenereta yangu inawasha mtaa mzima. Mbona kompyuta yako tu ndiyo inayokufa? Ina husuda?"

Mwishowe Sattar akanunua laini ya dhahabu, ile ambayo haikatiki saa ishirini na nne, na akaja amejaa kifua. "Tumemaliza," akasema. "Sasa ile mashine italala kama mtoto."

Siku ya ishirini na nne ya Ramadhani umeme haukupepesa hata mara moja. Naapa. Feni ya ukutani haikubadilisha mlio tangu alfajiri. Na kabla ya adhuhuri kompyuta ilikwama yenyewe, Sattar akaiwasha upya, kioo cheusi kikarudi.

Kiingereza kile sikijui. Lakini namba ni namba, na mimi ni binti wa mzikaji. Nikiona namba nainakili. Kila ukaguzi nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu namba zote zilizotokea, siku, saa, na kama umeme ulikatika au la. Siku ile Sattar aliikagua mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kosa lilikuwa kwenye namba hizi; mara ya pili hizo zilikuwa safi na kosa limekwenda kwingine; mara ya tatu kwingine tena.

"Kaka," nikasema, "kosa linahama."

"Linahama linakwenda wapi, Karbala kuzuru?" akacheka. "Wewe Rabab unaandika hesabu za diski? Andika na hesabu ya kunguru, wapo wengi nje."

"Umeme haukukatika leo."

"Basi ni umeme wa jana. Sumu haitoki siku moja." Akanyoosha vidole. "Kuna ukaguzi mwingine, mkubwa. Unarekebisha kila kitu, hauulizi. Nikitoka kuswali adhuhuri nautia."

Idi ilikuwa imebaki siku sita au saba. Siku ya Idi watu huja kwetu tangu jua halijapanda, na marashi na ubani, na kila mmoja ana jina mdomoni. Nilijua Sattar akirudi atabonyeza. Nilijua pia kwamba nikibishana naye sitashinda, maana yeye akipaza sauti mimi husahau nilichotaka kusema. Nikachomoa kibodi, nikaiweka chini ya abaya, nikatoka nayo kwa baba.

Baba alikuwa amekaa kivulini anafunga mpini wa jembe. Nikamwonyesha daftari. Akapitisha kidole kwenye namba.

"Umemwambia kaka yako?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Umeme."

Baba akacheka kidogo. Kisha ofisini ikasikika sauti ya Sattar: "Kibodi iko wapi? Nani amekula kibodi, na watu wamefunga?"

"Mpelekeeni Mama Sarmad," baba akasema. "Kompyuta na kibodi, na wewe na hilo daftari lako."

Mama Sarmad alikuwa akifundisha kwenye chuo cha ufundi kabla hajastaafu. Siku hizi hutengeneza kompyuta nyumbani kwake, uchochoro wa nyuma ya soko la wafua shaba, kwenye chumba chenye mlango wa ua. Tulimkuta na unga mpaka viwiko, anasukuma kileicha, biskuti za Idi, tende za kujazia zimepondwa kwenye bakuli. Ni mwanamke mpana, sauti yake nzito, na hapendi mtu aanze na mwisho.

"Umeme umeiharibu," Sattar akaanza.

"Mwanangu, nimekuuliza? Kaa." Akafuta mikono. "Ilianza lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Siku gani?"

Sattar akanitazama. Nikatoa daftari, nikaliweka kwenye kona ya meza, nikarudi nyuma hatua mbili. Mama Sarmad akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Unga ulibaki kwenye karatasi alipogusa.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi," nikasema.

"Umesoma wapi?"

"Sikusoma, mama. Niliishia la nne."

"Nimefundisha miaka ishirini na saba," akasema, "na nimewaomba wanafunzi watu wazima, wenye masharubu: kabla hujagusa kitu, andika mashine imesema nini. Hawaandiki. Wanabonyeza ndiyo." Akamgeukia Sattar. "Nakala ipo?"

"Ipo," Sattar akasema haraka. "Nilinakili folda nzima mwezi uliopita."

"Iko wapi?"

"Humo humo."

"Humo humo kwenye diski hiyo hiyo?"

"Ndiyo, lakini folda nyingine."

"Mashallah. Umeweka ndoo ya akiba ndani ya kisima."

Hakuiwasha. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishangaza, maana sote tulidhani fundi ni mtu wa kuwasha. Alifungua boksi, akaitoa diski, akaiweka juu ya kitambaa kikavu kama yai. Kisha akaiwasha mashine bila diski, akaikagua kumbukumbu yake kwa kifaa chake mwenyewe, na wakati inazunguka akarudi kwenye kileicha zake. "Kosa likikaa mahali pamoja," alisema huku anakunja unga, "ni la faili. Kosa likihama, usilaumu kinachosomwa, mlaumu anayesoma. Anaweza kuwa kumbukumbu, anaweza kuwa waya, anaweza kuwa diski yenyewe. Watatu hao. Tunawahoji mmoja mmoja."

Kumbukumbu ikapita safi. Akaiunga diski kwenye mashine yake, kwa waya wake, lakini hakufungua faili hata moja.

"Njoo hapa, Rabab. Usisimame mlangoni kama mdai. Diski ina daftari lake la siri, inajiandikia. Tazama. Hapa inaandika ujumbe uliofika umeharibika njiani. Njiani ni waya. Unaona ngapi?"

"Sifuri."

"Basi waya hana hatia, tumwachie aende. Na hapa inaandika sehemu ilizoshindwa kuzisoma, ambazo bado inazisubiri."

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Kumbuka hiyo." Akapanga kileicha kwenye sinia, akaingiza kwenye tanuri, akafunga mlango wake. "Sasa?"

"Mia tatu na ishirini."

"Hatujaigusa, na zimeongezeka nane. Diski inakufa, wanangu."

Sattar alikuwa bado na tumaini. "Kwa umeme?"

"Umeme unaua, sikatai. Lakini siku hii," akagonga daftari langu, "dada yako kaandika umeme haukukatika, na makosa ndiyo mengi kuliko siku zote."

"Hiyo ni siku ya laini ya dhahabu," Sattar akasema kwa sauti ndogo.

"Basi umeme wako ulikuwa wa dhahabu na diski yako ya udongo."

"Lakini mama, ukaguzi wenyewe uliandika imerekebishwa! Kila mara!"

Hapo Mama Sarmad akakaa. Hakumcheka. "Sikiliza. Ukaguzi hautafuti ukweli, unatafuta mpangilio. Ni kama karani anayesoma daftari kwa miwani iliyopasuka. Jina lisilosomeka analikata, anapanga yaliyobaki, anaandika: safi. Kesho ufa umesogea, anakata jingine, anaandika: safi. Daftari lilikuwa zima. Yeye ndiye anayelimaliza. Na wewe ulikuwa unamwambia ndiyo."

Sattar akatazama miguu yake. Nilimwonea huruma. Alikuwa amebonyeza kila mara kwa ajili yetu.

"Tufanye nini?" nikauliza, na nikashtuka kusikia ni mimi.

"Mgonjwa wa kufa humwambii afanye mazoezi. Unamwuliza wosia."

Nilibaki kwake siku ile na ya pili yake. Sattar alitumwa kutafuta diski mpya mbili, akaambiwa akirudi na moja asirudi. Mama Sarmad aliinakili diski yetu yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kujali kipi ni jina na kipi ni takataka. Mwanzo alichukua kila kilichokubali kusomeka upesi. Penye ugumu hakung'ang'ania. Aliruka, akaendelea mbele. "Chukua walio tayari kuja," aliniambia. "Ukigombana na mmoja mlangoni, mia walio ndani wataungua." Yalipobaki magumu tu, akayarudia kwa kuanzia nyuma kwenda mbele, kipande kidogo kidogo. Diski ikipata moto aliisimamisha, akaipepea kwa feni ya mezani, akaenda kuswali. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika: saa ngapi, zimebaki ngapi. Mia tatu na arobaini. Mia moja na sitini. Arobaini na moja. Kumi na moja. Nne.

Kwenye nne zikasimama. Akajaribu tena, nne. Nilitaka ajaribu mara mia. Akaondoa mkono.

"Bado nne," nikasema.

"Nimeziona. Lakini kila nikiisukuma inaumia, na hadi sasa tuna nakala moja tu. Kwanza tuwe na mbili. Tamaa baadaye."

Akatengeneza ya pili. Ndipo akafanya ule ukaguzi, kwenye nakala, na akauambia utazame tu bila kugusa. Nikanakili namba za makosa. Akaufanya tena. Nikanakili. Akaziweka orodha zangu mbili pamoja mbele yangu.

"Soma."

Namba zilikuwa zile zile. Ya kwanza kwa ya kwanza, ya mwisho kwa ya mwisho.

"Umeona? Sasa kosa limekaa," alisema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeketi baada ya safari. "Kosa lililokaa ninaliweza."

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Nimewaona watu wakisifiwa kwa kelele zao, kwa magari yao, kwa watoto wao. Huyu alikuwa ameizuia mikono yake isiguse, siku mbili, akiwa amefunga, na kwa kutogusa kwake watu elfu kumi na moja walikuwa wamerudi.

Yale mafaili yenye namba bila majina tuliyafungua pamoja. Yeye hakujua ni ya mistari ipi, mimi nilijua. "Huu ni themanini na nane, kuna mapacha wa Kut. Huu ni mia na tatu, wote ukoo mmoja wa Nasiriya." Nilikuwa nasema bila kusita, naye alikuwa anaandika ninavyosema, kana kwamba fundi ni mimi.

Mwisho akanipa karatasi ya mistari iliyoharibika. "Sitakuambia mambo yote ni sawa. Sehemu nne hazikusomeka, na zimeangukia ndani ya orodha zako. Ningeweza kuuachia ukaguzi ukate pale na kushona, orodha ingeonekana nzima. Sikutaka. Kila penye shimo nimejaza maneno: HAPA HAKUSOMEKI. Ukifungua mafaili utaona."

Nilifungua. Makaburi kumi na tisa. Mstari wa mia thelathini na moja, kwa mfano, ulikwenda vizuri mpaka kaburi la thelathini, kisha maneno yale, kisha kaburi la thelathini na sita.

Siku mbili kabla ya Idi, baba nami tulitembea. Yeye alibeba fimbo, mimi karatasi. Kwa sababu tulijua kila shimo linaanzia baada ya nani na linaishia kabla ya nani, hatukutafuta. Tulikwenda moja kwa moja, tukafuta vumbi, tukasoma vibao. Kumi na wanane tuliwapata kwa majina. Mmoja, wa thelathini na nne mstari ule ule wa mia thelathini na moja, kibao chake kilikuwa kimeng'oka, matofali matupu. Baba aliyagusa matofali kwa ncha ya fimbo.

"Huyu simkumbuki," akasema. "Mungu anisamehe."

Nikaacha maneno ya Mama Sarmad pale pale kwenye orodha, namba thelathini na nne, bila kuyagusa.

Siku ya Idi ofisi ilijaa tangu asubuhi. Sattar alikuwa akitaja, mimi najibu, anataja, najibu. Kabla ya adhuhuri akaja mama mmoja kutoka Amara, peke yake, na chupa ya marashi.

"Falih Zuwayyid," Sattar akasema.

Nikatafuta. Hayupo. Nikatafuta kwa jina la baba. Hayupo.

"Rabab? Falih Zuwayyid."

"Hayupo," nikasema.

Nikamsikia Sattar akivuta pumzi. "Mama, siku zako ziwe za heri, labda mlizika kwa wazikaji wengine? Watu huchanganya. Ile miaka ilikuwa na fujo."

"Sikuchanganya, mwanangu. Kijana wangu alizikwa na Haji Dakhil, kwa mkono wake. Miaka hii yote sikuweza kusafiri, ni miguu. Nimekuja leo." Sauti yake haikupanda. "Ilikuwa joto, kabla ya ziara ya Arubaini ya Karbala. Siku ile ile pembeni alizikwa mwanajeshi wa Kut. Mama yake na mimi tulinywa maji ya chupa moja."

Nikafungua mstari wa mia thelathini na moja. Kaburi la thelathini na tatu: kijana wa Kut, mwanajeshi, mwezi ule. Tulimsoma juzi kwenye kibao. Chini yake: HAPA HAKUSOMEKI.

Nilisimama, nikalifungua pazia. Chumba kilijaa watu nisiowajua, na wote wakanitazama.

"Mama," nikasema, "yupo. Twende nikupeleke."

Tulikwenda polepole kwa ajili ya miguu yake. Tulipofika kwenye yale matofali hakuniuliza kitu. Alichuchumaa, akapapasa saruji kwenye pembe ya kaburi, akasukuma mchanga kwa kiganja, na pale chini zikaonekana alama za vidole vitano, zilizobanwa saruji ikiwa bado mbichi. Akaweka vidole vyake juu yake. Vilikaa sawasawa.

Nilimwacha alie, kisha nikamwomba anitajie jina, na la baba yake, na la mji, nikaandika kwenye daftari langu herufi baada ya herufi.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda kwa Mama Sarmad kumsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake. Akajifuta macho kwa ncha ya shela. Akanisogezea sahani ya kileicha.

"Hilo jina," akasema, "umeshaliingiza kwenye nakala zote mbili?"

"Moja tu, mama. Nyingine bado."

Akaivuta sahani nyuma. "Inuka, nenda. Utakula ukirudi."